Matroni Apimwe

Siku tulipomzika, mtu aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alikuwa mvumilivu. Alilirudia neno hilo mara tatu, na kila mara waombolezaji waliokaa kwenye viti vya kukodi pale Kwamndolwa waliitikia kwa vichwa. "Aliugua muda mrefu bila kumsumbua mtu," msomaji akasema. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa wanawake, nimeshika kitambaa ambacho sikukitumia. Nilitaka kusimama niseme kwamba hiyo si sifa. Uvumilivu huo ndio uliomwua, na kabla ya kumfikia yeye ulipitia kwangu ukaondoka na kiungo changu kimoja. Sikusimama. Nilikula wali wa msiba, nikanawa mikono, nikarudi mjini Korogwe kwenye cherehani yangu.

Basi nitayasema hapa. Alizaliwa wapi, alikuwa wa ngapi kwa mama yake, alisomea ualimu chuo gani, hayo yote yalisomwa na sina haja ya kuyarudia. Sisi tulimwita Matroni. Alikuwa mwalimu wa Biolojia na mlezi wa wasichana katika shule ya bweni niliyosoma, nje kidogo ya Korogwe. Mimi nilitokea Handeni, ndani huko wanakolima mahindi na kuomba mvua, na mpaka nafika kidato cha kwanza sikuwa nimelala nyumba yenye umeme. Jina lake silitaji. Waliosoma pale watamjua kwa funguo.

Alikuwa na funguo za bweni, za stoo, za chumba cha wagonjwa na za makabati ambayo hatukuwahi kuyaona yakifunguliwa. Mtu mwenye funguo nyingi namna hiyo husikika akiwa mbali. Yeye alizikamata zote kiganjani, akazibana zisilie, na ulishtuka tu yuko mgongoni kwako wakati umejifunika shuka unasoma barua ya mvulana. Hakuwa mtu wa kupiga. Alinyoosha mkono, akachukua barua, akaisoma mpaka mwisho, akakurudishia. "Amekosea tahajia ya jina lako," alimwambia msichana mmoja. "Anayekupenda angejua jina lako linavyoandikwa." Msichana yule hakujibu barua ile wala nyingine.

Alivaa magauni meusi au ya bluu nzito, mwaka mzima, hata Februari wakati jua la Korogwe linalainisha lami. Darasani hakukaa. Vipindi viwili mfululizo alisimama, mkono mmoja umeshika meza. Ofisini, alipolazimika kukaa, alitandika kwanza kanga iliyokunjwa mara nne, na alipoinuka aliichukua akaondoka nayo. Tulisema ni majivuno, hataki kukalia kiti walichokalia wenzake. Tena alikuwa na tabia ya kutafuna udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Aliuweka ndani ya boksi la chaki, na wakati sisi tunaandika alitoa kipande akakisaga taratibu kwa magego, anaangalia dirishani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kufua kutwa nzima. Tuliviona kila siku, na hakuna kati yetu aliyejiuliza damu yake ilikuwa inakwenda wapi.

Alikuwa na maneno yake. "Mwili ni punda. Ukimwuliza kama amechoka, hatembei tena." Hilo alilisema mstarini, alilisema bwenini, alilisema kwenye kikao cha wazazi, na wazazi walilipenda. Lingine alitumia tu kwetu wasichana: "Damu si habari." Maana yake usije ofisini kwake kumwambia umeingia mwezini kama vile ni jambo jipya duniani.

Mimi nilikwenda. Nilikuwa natapika, siku mbili za kwanza kila mwezi nilikuwa naona ukungu. Mara ya kwanza nilimkuta akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umeoga?"

"Ndiyo, Matroni."

"Umekula?"

"Chakula hakikai."

"Kitakaa. Panadol mbili, maji, darasani."

"Matroni, nashindwa kusimama."

Akaniangalia. Nilidhani amekasirika. Leo, nikikumbuka alivyokuwa amekaa kaegemea upande mmoja, ngumi moja imezama kiunoni, nadhani alikuwa ananionea wivu kwa kuwa nimeweza kusema.

"Unashindwa kusimama, na umekuja kwa miguu yako," akasema. "Nenda."

Baada ya miezi kadhaa niliacha kwenda.

Na huyohuyo, siku ya mada ya uzazi, aliacha Kiingereza cha kitabu akatufundisha kwa Kiswahili. Alichora ubao mzima, bila kutazama kitabu, kizazi na mirija na vifuko viwili vya mayai, mistari yake safi kama iliyopigwa kwa rula. Wavulana wakaanza kucheka nyuma. Akageuka. "Anayecheka aje anionyeshe yeye alitokea wapi hapa." Hakuja mtu. Akataja kila kiungo kwa jina lake, akatulazimisha tulitamke kwa sauti, wavulana na wasichana, mpaka aibu ikachoka yenyewe. Sijapata mwalimu mwingine wa namna ile. Nimekaa mbele ya madaktari wengi tangu siku hiyo, na kama naweza kuwaambia kitu kwa jina lake badala ya kusema "huku chini," ni kwa sababu yake. Lakini ubao ule, pamoja na uzuri wake wote, haukuwa na ugonjwa. Kizazi alichotuchorea kilikuwa kizima, kila mwezi kinafanya kazi yake kimya.

Chini ya kitanda chake alikuwa na tranka la bati. Ndani yake mlikuwa na sabuni, chupi mpya, na pedi alizoshona mwenyewe kwa vitenge vikuukuu, zimepangwa kama vitabu. Kulikuwa na wasichana waliokuja shuleni na gauni moja na jozi ya ndala. Hakuwaita mbele ya wenzao. Ulirudi kutoka kuoga ukakuta bahasha ya kaki chini ya mto, na ole wako umshukuru.

Jirani yangu wa kitanda, Nashipai, alitoka kwenye familia ya wafugaji, nyanda kavu za Handeni. Likizo moja hakurudi. Tulisikia baba yake amepata mkwe. Matroni hakumwambia mkuu wa shule. Alipanda pikipiki alfajiri, akaenda saa tatu nzima kwenye vumbi, akafika bomani, akasema amekuja kumchukua mwanafunzi wake. Mzee akamwambia hakuna mwanafunzi hapa, kuna bibi harusi. Matroni akauliza kama anaweza kungoja. Akakaa chini, nje ya boma, tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi. Hakula, hakuomba maji. Jioni mzee akamletea maziwa kwa mkono wake. "Mama, mchukue," akamwambia. "Huyo mkwe wangu hajawahi kunisubiri hata nusu ya siku."

Tulimpenda sana kwa jambo lile. Lakini Nashipai alinisimulia kitu kingine, kwa kunong'ona, usiku wa kwanza aliporudi. Matroni alipoinuka pale alipokaa, mchanga ulikuwa umelowa damu, na gauni lake lilikuwa limegandamana na miguu. Mama yake Nashipai aliona, akachukua shuka lake akamfunga kiunoni bila kusema neno. Kwenye pikipiki Nashipai alimwuliza, "Mwalimu, umeumia?"

"Nimekalia kitu," Matroni akajibu.

Tukacheka, mimi na Nashipai, chini ya shuka. Tulikuwa na miaka kumi na sita.

Kila muhula ulipofunguliwa tulipimwa mimba. Wasichana wa siku hizi wakizaa wanaruhusiwa kurudi darasani. Enzi zetu ukikutwa nayo, umekwisha. Tulipanga foleni mbele ya chumba cha wagonjwa, unaingia mmoja mmoja, unalala, Matroni anakubonyeza chini ya kitovu. Kwa kawaida alikuwepo nesi wa zahanati ya jirani. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu nesi hakuja, akawa peke yake.

Nililala. Tumbo langu lilikuwa limeanza kujaa tangu likizo. Mama alidhani nimenenepa kwa chakula cha shule. Matroni akaweka mkono, akabonyeza, akasita. Akabonyeza tena, polepole, akafuata ukingo wa kile kitu kwa vidole. Kilikuwa kigumu. Mkono wake ukabaki pale muda mrefu kuliko nilivyoona akifanya kwa yeyote, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa ukutani.

"Ulianza lini kumjua mwanamume?"

"Sijamjua mtu, Matroni."

"Siku zako umeziona lini?"

"Wiki iliyopita. Wallahi."

"Usiape. Inuka, ukalete mkojo."

Kipimo kilionyesha hakuna kitu. Alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakifunga kwenye karatasi. "Vipimo hivi hukosea," akasema. Akaandika barua, na nikarudishwa nyumbani mpaka jambo langu lifahamike. Ndivyo barua ilivyosema, lifahamike.

Nyumbani mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliuliza swali moja tu, "Nani?", asubuhi na jioni, anapepeta unga na kuuliza nani. Baba aliacha kula chakula nilichopika mimi. Nikisema sina mimba, mama analia kwa sababu juu ya uzinzi nimeongeza uwongo. Akaja bibi mmoja jirani na mizizi ya kuchemsha, ya kusafisha, akasema kama hamna kitu haitadhuru. Nilikunywa wiki nzima. Nilikuwa natembea nimejipinda, na wanawake kisimani walinipisha njia kwa adabu ya dhihaka.

Wiki ya tano, tukiwa tunapukuchua mahindi, kitu kikajisokota ndani yangu. Sina maelezo mengine. Nilisikia kikizunguka, nikaanguka juu ya magunzi. Nilibebwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili mpaka hospitali, nikapasuliwa siku ileile. Nilipozinduka mama alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, kanga mdomoni. Walikuwa wamemwonyesha. Uvimbe wa kwenye kifuko cha mayai, mkubwa kama boga changa, ndani una mafuta na nywele. Mama alidhani ni uchawi. Daktari akamkalisha, akamweleza kwamba ni ugonjwa, huwapata mabinti, unajulikana na una jina. Tatizo ni kwamba ulikua mno mpaka ukajinyonga, na kifuko kikafa pamoja nao. "Angeletwa mapema," daktari akasema, "tungeutoa uvimbe tukamwachia kifuko chake."

Mama akauliza, "Kwa hiyo hakuwa na mimba?"

"Mama, huyu hajaguswa."

Kutoka siku hiyo mama aliacha kuniuliza nani. Na mimi nikaacha kumwita mama kwa sauti ile ya zamani. Tumezungumza mengi tangu hapo, lakini hilo hatujalizungumza.

Nikarudi shuleni na barua ya hospitali. Njia nzima nilikuwa nafikiria atasema nini. Nilimwandalia hata majibu. Matroni aliisoma akiwa amesimama, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaiweka kwenye faili. "Utalala kitanda cha chini," akasema. "Usipande juu mpaka nikuambie." Basi. Nikangoja. Akachukua chaki zake akaenda darasani.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nilikuta chupa ya uji kichwani pa kitanda changu, uji wa ulezi wenye maziwa, uji ambao hata walimu hawakuunywa. Wiki nzima niliumwaga nyuma ya bweni. Wiki ya pili nikaanza kuunywa, kwa sababu njaa ya bweni haina heshima. Lakini kila nilipomeza niliona kama ananilipa kwa siri ili asinilipe hadharani.

Na muhula uliofuata alipima tena. Foleni ileile, chumba kilekile. Nilipofika mlangoni alisema, "Wewe pita," bila kunitazama, akamwita wa nyuma yangu.

Tulipofika kidato cha nne, tumbo la Matroni likaanza kuonekana. Labda lilikuwa kubwa siku zote na magauni yalilificha. Sasa halikufichika. Alikuwa mwanamke mwenye miaka arobaini na kitu, hana mume, hatukuwahi kumwona na mtu, na tumbo linamtangulia mlangoni. Tukakumbuka udongo anaotafuna. Bweni zima likawa na hesabu za miezi.

Sasa nifike kwa kosa langu. Asubuhi moja niliwahi darasani peke yangu, nikachukua chaki, nikaandika katikati ya ubao, herufi kubwa: MATRONI APIMWE.

Nilikaa kwenye dawati langu nikangoja. Wenzangu waliingia, wakasoma, wengine wakaziba midomo, wengine wakacheka kwa sauti. Hakuna aliyefuta. Matroni akaingia na boksi lake la chaki. Alisimama akausoma ubao kana kwamba ni sentensi ndefu. Kisha akachukua dasta, akafuta kuanzia herufi ya mwisho kurudi mwanzo, akageuka. "Fungueni tulipoishia." Akafundisha dakika themanini, amesimama, na sauti haikupanda wala kushuka.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje. Lilifika kwa walimu, likafika kwa mkuu wa shule, likafika kwa wazee wa bodi. Tulisikia aliitwa kwenye kikao cha wanaume watano, akaambiwa anatoa mfano gani kwa wasichana, akatakiwa alete barua ya daktari. Aliileta. Sijui waliisoma wakiwa na nyuso gani. Muhula ulipokwisha alihamia shule ya kutwa huko Mnyuzi. Siku anaondoka alikabidhi funguo, akapakia tranka lake kwenye pikipiki, na hakuna aliyemwimbia wala kumpa kanga. Nashipai peke yake ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliniangalia, hakunisemesha siku tatu.

Ilipita karibu miaka kumi na minane. Nilijifunza ushonaji, nikaolewa, nikakaa miaka sita bila mtoto nikisikia mashemeji wanavyosema. Nikampata mmoja, wa kike. Kisha maumivu yakaanza upya. Nikavumilia mwaka mzima, nakata vitambaa nimepiga magoti, mpaka mume wangu akasema kama siendi hospitali ananibeba. Nikaenda. Nilikuwa nimeshapewa namba, natafuta pa kukaa kwenye benchi la kliniki ya wanawake, nikamwona.

Alikuwa amekonda hata nikamtambua kwa mkao tu. Chini yake alikuwa ametandika kanga, imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliinua macho. "Marahaba. Wewe wa Handeni." Akasogea kunipa nafasi. "Umefuata nini hapa?"

"Tumbo, mwalimu. Na wewe?"

"Nimepita tu." Watu wawili wakaitwa, wakaingia, wakatoka. Ndipo akasema, anaangalia mlango: "Damu imerudi. Siku zangu zilikwisha zamani, miaka sita sasa. Zimerudi. Nilidhani ujana umenikumbuka." Alicheka kidogo kwa puani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Ilikuwa mvua ya mwaka jana.

Zamu yake ilipofika hakuinuka. Nesi akaita tena. Akanishika mkono, na mkono ulikuwa baridi. "Ingia na mimi," akasema. Yeye aliyetulazimisha tutamke kila kiungo mbele ya wavulana.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akamwuliza ana shida gani. "Si kubwa," Matroni akasema. Damu inatoka? "Kidogo." Kuna maumivu? "Ya uzee." Daktari akaandika. Akauliza kama kuna siku anashindwa kulala. "Nalala."

"Daktari," nikasema, "huyu ni mwalimu wangu na hakuambii ukweli. Anatoka damu tangu mwaka jana. Amekalia kanga kwa sababu hajiamini kukaa kwenye kiti. Alikuwa anavuja damu hata alipokuwa anatufundisha. Usiandike kidogo."

Matroni hakunigeukia. Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, ni kweli?"

"Andika anavyosema," akajibu.

Wakamchunguza, wakachukua kipande cha nyama cha kupelekwa kupimwa. Mimi namba yangu ilipita nikiwa naye ndani, sikuirudia. Tukatoka, tukakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na geti. Nikamnunulia maji. Alikunywa yote.

"Ulisema sana mle ndani," akasema.

"Nilisema ya kwako."

"Lile tumbo la shuleni lilikuwa uvimbe wa kwenye kizazi. Wa zamani. Waliniambia nikiwa kijana: tutoe kizazi. Nikasema kwanza nizae. Nikamngoja wa kuzaa naye." Alizungusha kifuniko cha chupa. "Hakuja. Na sikurudi."

"Mimi ndiye niliyeandika ubaoni, mwalimu."

"Najua. Nilisahihisha madaftari yako miaka minne."

Nilitaka aendelee, anitukane. Hakuendelea. Nikaona kama sasa sisemi, sitasema tena. "Na tumbo langu? Ulilishika. Kipimo kilikwambia hamna kitu. Nilikuapia. Kwa nini?"

Gari likapita getini, akangoja lipite.

"Mkono wangu ulijua," akasema. "Lilikuwa gumu kama langu. Ukingo uleule. Nilikuwa najishika kila usiku, ningekosaje kujua? Mimba sivyo ilivyo."

"Ulijua."

"Kama la kwako ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali, la kwangu ni nini? Ningekuandikia wewe barua ya daktari, halafu niende wapi na langu? Nikaandika mimba. Mimba nilikuwa na utaratibu wake."

Hakusema samahani. Nimerudia mazungumzo yale mara nyingi, natafuta labda alilisema nikapitiwa. Hakulisema. Nami niliinuka nikaenda kushika ule uzio wa waya, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inataka kufanya jambo baya, na yule alikuwa mwanamke mgonjwa wa kilo arobaini. Kisha nikarudi, nikamwitia pikipiki.

Majibu yalipokuja nilikwenda naye kuyachukua. Saratani, ilianzia mlango wa kizazi, imeshasambaa pembeni. Akapewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa mionzi. Alisema atakwenda baada ya kuvuna. Nikamwambia mahindi yake nitayavuna mimi. Akaniangalia kama anatafuta kosa kwenye sentensi, hakuliona.

Asubuhi ya safari nilimpeleka stendi. Nilimbebea mfuko, nikamtafutia kiti upande usio na jua, nikashuka. Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa nafanya tu kile ambacho mtu alipaswa kunifanyia mimi. Basi likaanza kurudi nyuma. Akahangaika na kioo cha dirisha mpaka kikafunguka.

"Wewe," akaita. "Siku ile namba yako uliiacha. Hujaingia kwa daktari mpaka leo."

"Nilikuwa na wewe, mwalimu."

"Bado inauma?"

Kondakta alikuwa anapiga bati, mwanamke mmoja alikuwa ananisukuma na kapu lake la machungwa. Nilifungua mdomo niseme nimepona.

"Inauma," nikasema. "Inauma sana."

Akatoa kichwa nje, ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, viganja vyeupe.

"Wapi?" akauliza.

Hakuwahi kuniuliza. Miaka minne ya bweni, hakuniuliza hata mara moja. Nikatua mkoba wangu chini, palepale kwenye vumbi, katikati ya watu wote wa stendi, nikaweka mkono wangu mahali penyewe, nikambonyezea ili aone.